Kurudia Godzilla ya 2014: giza ni la filamu au la runinga yako?

SWALI: Niliitazama Godzilla ya Gareth Edwards ilipotoka mwaka 2014, nikaona nimepigwa. Dubwana lenyewe halionekani, na likionekana ni usiku wa manane. Majuzi nimetazama Godzilla Minus One nikaipenda mno, na shemeji yangu ameshikilia kwamba ile ya 2014 nayo ni nzuri, niirudie. Nina runinga ya inchi 43 na faili la filamu kwenye flashi. Je, nitaona jipya? Na mwanangu wa miaka 10 anaweza kukaa nami?

JIBU: Irudie. Ila usiirudie kwa faili hilo la kwenye flashi, na usiirudie saa nane mchana mapazia yakiwa wazi.

Umefunga malalamiko mawili pamoja, na kila moja lina chanzo chake. Giza unalolisema kwa sehemu kubwa linatoka kwenye nakala na runinga. Kuonekana kidogo kwa dubwana ni uamuzi wa mwongozaji, tena uamuzi sahihi kuliko wengi wanavyokubali. Kasoro halisi ya filamu hii iko kwa binadamu wake, na hiyo hakuna rimoti itakayoirekebisha.

Tuanze na faili. Filamu ina dakika 123, yaani sekunde 7,380. Faili la megabaiti 700, ukubwa unaopendwa sana kwenye flashi, likigawanywa kwa muda huo linabaki na megabiti 0.76 hivi kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Diski ya Blu-ray hutumia megabiti 20 na zaidi kwa picha peke yake. Programu ya kubana video inapolazimika kutupa kitu, hutupa kwanza vilivyo gizani, kwa kuwa imeundwa kwa kudhani kwamba jicho halitagundua. Filamu ya mchana kweupe huvumilia ubanaji huo. Hii, ambayo mwisho wake mzima ni usiku, moshi na vumbi la majengo, haivumilii: moshi unageuka miraba inayotetemeka, na ngozi ya Godzilla, ambayo ni kijivu cha kukaribia weusi, inamezwa na anga iliyo nyuma yake.

Kodi au nunua nakala halali yenye angalau megabiti 5 kwa sekunde kwa HD. Kwa urefu wa filamu hii, hizo ni gigabaiti 4.6 hivi. Ukipakua faili la ukubwa huo kwa matumizi ya flashi utakutana na kikwazo kingine: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Ifomati kwa exFAT, lakini jaribu kwanza kama runinga yako inaisoma. Zipo za zamani zinazosoma FAT32 na NTFS tu. Ukipata diski, fahamu kwamba hata Blu-ray ya kwanza ya 2014 ilinung'unikiwa kwa picha hafifu. Toleo la 4K la mwaka 2021 ndilo linaloonyesha kilichomo ndani ya giza. Tahadhari moja tu: 4K hiyo ni ya HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, na runinga ya bei nafuu isiyofikia niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) huonyesha HDR ikiwa na giza zaidi kuliko picha ya kawaida. Kama yako ni ya aina hiyo, toleo la HD la kawaida litakufaa zaidi, hata kama boksi limeandikwa HDR kwa herufi kubwa.

Sasa menyu ya picha. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye hali iliyoandikwa Vivid au Dynamic, iliyopangwa ili zing'ae chini ya taa za duka. Hali hiyo hukuza weupe na kuzamisha weusi, na filamu hii inaishi humo humo kwenye weusi. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker. Zima kihisi kinachopunguza mwanga kufuatana na chumba, zima kuokoa umeme, zima utofautishaji unaojibadilisha wenyewe. Zima pia kinacholainisha mwendo, maana hicho hubuni fremu ambazo hazikupigwa na kumfanya Godzilla ateleze badala ya kukanyaga. Gama, kile kinachopanga picha inavyopanda kutoka giza hadi mwanga, iwe 2.4 kwa chumba chenye giza. Kama taa itabaki inawaka, weka 2.2.

Kisha kuna kile kinachoitwa Brightness. Kwenye runinga nyingi hakihusiki na mwangaza wa skrini, kinaamua weusi uanzie wapi. (Runinga mpya za Sony hukiita Black Level.) Filamu yenyewe inakupa kipimo cha bure. Imepigwa kwa umbo pana la 2.39:1, hivyo juu na chini ya picha kuna mikanda myeusi. Zima taa, tafuta sehemu ya daraja la reli msituni, pale askari wanapokagua njia usiku kwenye ukungu, kisha simamisha picha. Shusha Brightness hadi mikanda iwe nyeusi tii. Halafu panda hatua moja moja mpaka uanze kutenganisha nguo za askari na giza la nyuma yao. Mikanda ikianza kuwa kijivu, umepitiliza. Rudi hatua moja. Na usithubutu kubonyeza Zoom ili kuiondoa mikanda hiyo: utakata robo ya upana wa picha, na Edwards ana tabia ya kuwaweka watu pembeni kabisa ili dubwana lipate nafasi.

Anayecheza filamu kwa kompyuta kupitia HDMI akague jambo moja zaidi. Video huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235, ilhali kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Kompyuta ikituma kwa hesabu yake na runinga ikapokea kwa hesabu ya video, vivuli vyote vya chini vinakuwa weusi mmoja usio na umbo. Weka pande zote mbili Limited, au zote mbili Full. Zikitofautiana kinyume, picha itapauka kama imepakwa majivu.

Kwa inchi 43, kaa kama mita 1.75 kutoka skrini. Runinga hiyo ina upana wa sentimita 95, na kwa umbali huo picha inajaza nyuzi 30 za uwezo wako wa kuona, kiwango kinachotumika kupangia viti vya sinema. Wengi nyumbani hukaa mita tatu na nusu, halafu wanashangaa mbona dubwana la mita 108 halitishi. Ukubwa wake unasomwa kutokana na binadamu wadogo waliowekwa kwenye kona ya fremu. Usipowaona wao, naye hana ukubwa. Kwa sababu hiyo hiyo, usiitazame kwenye simu.

Sauti nayo ni nusu ya filamu. Nakala nyingi zina sauti ya 5.1, ambamo ile .1 ni njia ya besi nzito peke yake. Kifaa kinapoishusha kuwa ya spika mbili, kwa kawaida njia hiyo ya besi hutupwa, haichanganywi. Hatua za Godzilla zinaondoka, na unabaki na vioo vinavyovunjika. Sabufa ya kawaida iliyounganishwa kwenye tundu la hedifoni haitaokoa kilichokwisha kutupwa. Tafuta kwenye programu ya kuchezea video chaguo la kuchanganya LFE, yaani ile njia ya besi, baadhi zinalo, au tumia saundiba inayopokea 5.1 kwa HDMI ARC. Zima pia hali ya usiku inayosawazisha sauti kubwa na ndogo. Waandaaji wa sauti, Erik Aadahl na Ethan Van der Ryn, walijenga filamu hii juu ya kimya kinachopasuliwa ghafla, na ukisawazisha hakuna kinachopasuka. Na zile nakala zenye DJ anayesimulia juu ya picha, ingawa zina raha yake kwa filamu za ngumi, hapa zinafukia kila kitu.

Mngurumo wenyewe una ukoo. Ule wa filamu ya kwanza, ya 1954, mtunzi wa muziki Akira Ifukube aliupata kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za besi kubwa ya mbao kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Aadahl na mwenzake walianzia kwenye umbo hilo hilo, mkwaruzo wa juu kisha mvumo mrefu wa chini, halafu wakaupiga kwenye spika kubwa nje, kati ya majengo ya studio, na kurekodi unavyorudi ukiwa na mwangwi wa mtaa. Sikiliza pale uwanja wa ndege wa Honolulu: mngurumo haukomei kwa Godzilla, unaendelea kwenye kuta.

Haya, tuje kwenye lawama ya kuonekana kidogo. Kwa hesabu nyingi Godzilla hafikishi dakika 11 kwenye skrini, na hujamwona mzima hadi filamu inakaribia kutimiza saa moja. Ni kweli. Lakini hata ile ya kwanza, ya Ishiro Honda, dakika 20 zinapita kabla kichwa hakijachomoza juu ya kilima cha kisiwa cha Odo. Edwards alitoka kwenye Monsters ya 2010, filamu ya fedha kidogo ambayo athari zake za picha alizitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, na humo alikwisha kujua kwamba dubwana lililofichwa hugharimu kidogo na hutisha zaidi. Alipokabidhiwa bajeti ya dola milioni 160 hakuiacha tabia hiyo.

Unaporudia, acha kumtafuta Godzilla. Tazama kamera imewekwa wapi. Karibu kila mara iko mahali ambapo mtu angeweza kusimama: ndani ya gari, nyuma ya kioo cha dirisha, ndani ya miwani ya askari. Hakuna kamera inayoruka ovyo kuzunguka kichwa chake. Kule Nevada, kwenye ghala la taka za nyuklia, askari wanakagua chumba baada ya chumba kupitia tundu la mlango, giza, giza, kisha tundu moja linatoa mwanga wa jua. Wanafungua, na ubavu mzima wa mlima haupo. Kiumbe kilichokuwa humo, mmoja wa MUTO wawili, madubwana ambayo Godzilla anapigana nayo, kimeshaondoka. Sijui filamu nyingine ya madubwana ya kipindi hicho iliyosema mengi kiasi hicho kwa mlango na mwanga tu.

Nyingine ni ya askari wanaoruka kwa miavuli juu ya San Francisco. Moshi mwekundu unawafuata miguuni, muziki ni Requiem ya György Ligeti, ile ile aliyoitumia mwongozaji Stanley Kubrick kwenye 2001: A Space Odyssey mwaka 1968, na tunamwona Godzilla kwa sekunde chache tu kati ya mawingu na majengo, kupitia kioo cha miwani huku tukisikia pumzi za mtu. Mpigapicha mkuu, Seamus McGarvey, ameacha picha iwe karibu rangi mbili tu, kijivu na nyekundu. Hapo ndipo utajua kama umeirekebisha runinga vizuri: wingu lisiwe na mistari ya ngazi ngazi, na mgongo wa Godzilla utofautiane na moshi.

Halafu kuna uzito, na hapa hesabu inasaidia. Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 1.7 kinafika chini kwa sekunde 0.6 hivi. Kikianguka kutoka mita 108, urefu wa Godzilla huyu, kinachukua karibu sekunde 4.7, mara nane zaidi. Kiumbe cha ukubwa huo kikigeuza kichwa kwa kasi ya binadamu, jicho linakataa mara moja, hata la mtu asiyejua fizikia. Mwaka 1954 Eiji Tsuburaya, fundi wa athari wa filamu ya kwanza, alilikabili tatizo hilo hilo akiwa na mtu aliyevaa vazi zito, Haruo Nakajima, kati ya majengo ya mfano ya kipimo cha 1 kwa 25. Dawa yake ilikuwa kupiga picha kwa kasi kubwa ili zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida mwendo uwe mzito. Kanuni inataka kipeuo cha pili cha 25, yaani mara tano. Kwenye filamu ya 2014 hakuna vazi, ni kompyuta, lakini waliheshimu kanuni: anainuka pole pole, anasita, maji yanamwagika mabegani kwa muda mrefu. Katika Godzilla vs. Kong ya 2021 wameiacha, ili ngumi zipate kasi. Unaona kila kitu mchana na kwenye taa za rangi, ila madubwana yanapigana kama wanamasumbwi wa uzani wa kati.

Mikato inayokunyima pambano ni miwili mikubwa, na siitetei yote. Honolulu, Godzilla ananguruma na pambano linaanza, filamu inakata hadi sebuleni California, ambako mtoto analitazama kwenye habari za runinga. Huo ni uonevu wenye akili: ndivyo maafa makubwa yanavyotufikia wengi wetu, vipande vya habari. Lakini baadaye, San Francisco, milango ya maficho inafungwa usoni mwetu pambano likianza tena, na mara hiyo hatupati chochote badala yake. Ule wa pili ndio uliowaudhi watu, nao wakaubebesha lawama ule wa kwanza.

Wangevumilia hata hivyo kama wangekuwa na mtu wa kusubiri naye. Bryan Cranston, kama mhandisi Joe Brody, anabeba sehemu ya mwanzo kwa hasira na majonzi ya mume aliyemfungia mke wake mlango wa chuma. Filamu haijafika nusu, anakufa. Anayebaki ni mwanawe Ford, Aaron Taylor-Johnson, luteni wa jeshi la maji, ambaye hati inamrusha kutoka Japani hadi Honolulu hadi kwenye treni ya mabomu hadi San Francisco kwa bahati nasibu tupu, maana kila anapokwenda madubwana nayo yapo. Chunguza hili ukirudia: kazi ya Ford ni kutegua mabomu, tumeambiwa mapema, na filamu inaishia kwenye bomu la nyuklia linalohesabu. Halitegui. Kifuniko kimekwama, bomu linapakiwa kwenye boti na kusukumwa baharini. Utaalamu wake haufanyi lolote pale ulipohitajika. Elizabeth Olsen na Sally Hawkins wamepewa kazi ya kusubiri na kushangaa, na Juliette Binoche anaondoka kabla hujakaa vizuri.

Kuna jambo zito zaidi, na hili wengi walilipita 2014. Filamu ya Honda ilitoka tarehe 3 Novemba 1954, miezi minane baada ya Marekani kulipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, tarehe 1 Machi. Majivu ya mlipuko huo yaliiangukia meli ya wavuvi ya Daigo Fukuryu Maru iliyokuwa na watu 23, na mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka huo huo. Watazamaji wa Japani hawakuhitaji kufafanuliwa Godzilla ni nani. Sasa tazama majina ya mwanzo ya filamu ya 2014, yale yenye maandishi yanayofutwa kwa wino mweusi. Yanatuambia kwamba milipuko ile haikuwa majaribio. Yalikuwa mashambulizi ya kumuua Godzilla. Kwa mstari mmoja wa hati, bomu lililowaunguza wavuvi limegeuzwa silaha ya kujilinda. Na mwishoni bomu jingine linalipuka baharini karibu na jiji, na hakuna anayekohoa.

Filamu inajua inachokifanya, angalau kidogo. Ken Watanabe anaitwa Dk. Ishiro Serizawa, jina lililoungwa kutoka kwa Honda na mwanasayansi wa filamu ya kwanza, na kuna dakika moja anamwonyesha amiri wa Marekani saa ya mfukoni ya baba yake iliyosimama saa 2:15 asubuhi, wakati wa bomu la Hiroshima. Amiri anatazama, kisha mpango wa bomu unaendelea. Ni sehemu nzuri kuliko zote za mazungumzo. Tatizo ni kwamba Serizawa wa 1954 alikuwa na silaha mikononi na dhamiri ya kuamua, akachoma hati zake na kwenda nayo chini ya bahari. Wa 2014 ameachiwa kutamka sentensi na kutazama mbali.

Hapo pia utaelewa kwa nini Minus One imekushika. Takashi Yamazaki ana rubani wa kujitoa mhanga aliyeogopa kufa, na kila Godzilla anapotokea, deni la rubani huyo linadaiwa upya. Kwa hiyo hata dakika zisizo na dubwana zina dubwana. Ilitengenezwa na wasanii wa athari 35, shoti 610, na ikachukua Oscar ya athari za picha mwaka 2024. Lakini kwa ukubwa, kwa kuhisi kwamba kiumbe hiki kinaziba anga, Edwards bado yuko mbele yake.

Ukipata muda, itangulize ile ya 1954, nakala ya Kijapani ya dakika 96. Usichukue ile ya Marekani ya 1956, iliyokatwa na kupachikwa mwandishi wa habari wa Kimarekani, Raymond Burr, kana kwamba yupo Tokyo wakati wote. Mengi ya uchungu wa bomu yalipunguzwa humo.

Kuhusu mwanao: Marekani imewekwa PG-13, yaani chini ya miaka 13 ni kwa ushauri wa mzazi. Damu ni kidogo. Kinachoweza kumsumbua mtoto wa miaka 10 hakitoki kwa Godzilla, kipo dakika 15 za mwanzo, mama anapokufa nyuma ya kioo mume akimtazama. Itazame wewe kwanza sehemu hiyo, na ukiona ni nzito kwake, mwanzishie pale filamu inaporuka miaka 15 mbele. Atakosa sababu ya hasira za Joe, utamweleza kwa sentensi mbili. Treni ya Honolulu itamshtua, lakini humo Ford anamwokoa mtoto mdogo, na hilo kwa kawaida linatosha kumtuliza.